Niko Vyooni, Nageukia Jikoni

Nianze na upumbavu, tumalizane nao. Mara ya kwanza kushika redio ya kweli, nilimwambia rubani wa kweli, mwenye ndege ya kweli, kwamba niko mbele yake angani na ninatua kwanza. Sikuwa angani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao katika hospitali ya misheni kule Homa Bay, nimevaa kaptura ya shule na slipasi moja, kwa sababu ile nyingine ilikuwa imekatika. Redio ilikuwa ya hospitali, na aliyekabidhiwa redio hiyo alikuwa mama yangu. Alichosema baadaye nakijua neno kwa neno, lakini sikiandiki hapa juu. Mtakikuta mwisho, mahali pake. Mkiruka kurasa kukitafuta, mjue nyinyi ndio wale wanaotaka kutua bila kuzunguka uwanja, na hao nina maneno nao.

Mimi ni Odhiambo, kidato cha nne, mnaniita Odhi mbele yangu na mengine nikigeuka. Kuanzia wiki hii nimestaafu urubani. Najua mnacheka. Babu yangu alistaafu kiwanda cha sukari Awendo akapewa redio ya mbao. Mimi nimepewa ratiba ya mitihani. Lakini kazi ni kazi, na nyinyi wa kidato cha pili mnaochukua ile kompyuta mnahitaji kuambiwa mambo ambayo kompyuta haisemi. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, kwa sababu kilikuwa kimoja, na nilikipata baada ya aliyestahili kuvimba mashavu kwa matubwitubwi. Mshahara ulikuwa ufunguo wa stoo. Tuendelee.

Siku yangu ya kwanza stoo ilinuka chokaa na panya. Mnaijua kompyuta yenyewe: ilitolewa msaada, ikaja na disketi kwenye bahasha, na mwalimu wa fizikia alipoziweka zote moja baada ya nyingine, ikatokea mchezo wa kurusha ndege. Ndani yake hamna Kenya. Kuna mji wa Marekani ulio kando ya ziwa, na uwanja mdogo wa ndege umekaa pale majini kama mtu anayeosha miguu. Sisi tukauita Homa Bay. Ziwa ni ziwa. La kwao tu halina omena, dagaa wetu.

Kapteni wa wakati huo alikuwa Wambura, Mkuria wa Isebania, kidato cha nne, sauti kama spika ya mahubiri. Alinikalisha kitini, hakunieleza kitu. Nikasukuma nguvu zote mbele. Ndege ikakimbia, ikaacha njia, ikapita kwenye nyasi, ikaingia ziwani.

Wambura akatazama skrini kwa upole. "We mono," akasema, ndivyo tulivyoitwa wadogo wote, "hiyo ni ndege ama ni kiboko?"

Akanitoa kitini. Akasema sitagusa mashine tena mpaka nijue kuzunguka uwanja kwa miguu. Nikadhani ni utani. Kumbe ndiyo shule yenyewe, na ndiyo sababu mpaka leo mnatuona tumetanua mikono kule uwanjani kama watu walioibiwa akili. Haya, sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Ndege haiji uwanjani kama ng'ombe anavyoingia zizini, kutoka upande wowote. Inazunguka. Mstari wa uwanja wetu wa mpira ndio njia ya kutua. Unapaa kuelekea Lango la shule, upepo ukikupiga usoni. Usipojua upepo unatoka wapi, ng'oa nyasi kidogo, zirushe, zikurudie mdomoni. Huko zilikotoka ndiko unakoelekea. Ukifika Lango unapinda kushoto. Unapinda kushoto tena, sasa unarudi na upepo mgongoni, sambamba na njia, nyuma ya vyoo. Huo ni mguu mrefu na tuliuita Vyoo, kwa sababu ambazo pua yako itakueleza. Ukipita, unapinda kushoto kwenye Jikoni. Kushoto tena, na njia iko mbele yako, imenyooka: hiyo ni fainali. Mpishi alitusikia siku moja tukipiga kelele "Niko fainali! Niko fainali!" akatoka na mwiko kuuliza tunacheza na shule gani.

Siri iko Vyooni. Pale mwanzo wa njia unapokuwa sawa na bega lako la kushoto, punguza nguvu, anza kushuka. Njia ikishasogea nyuma ya bega, nusu ya kuonekana na nusu ya kusahaulika, geuka Jikoni. Kwenye kompyuta hamna bega, kwa hiyo bonyeza kitufe cha kutazama kushoto. Kibonyeze tena na tena, kama mtu anayemwangalia mdeni wake. Wanaosahau kutazama kushoto huwa wanaenda moja kwa moja, wanaenda, wanaenda, mpaka wanatua Awendo kwenye miwa.

Kile kijiti cha kuendeshea kinavuta kulia. Hakijaharibika, kina tabia. Mimi nilikifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na nawaomba msikifungue ili "mwone kitu." Wengi wameona kitu.

Halafu kuna kabati. Wageni wakija huuliza kwa nini kabati la vitabu limesimama katikati ya stoo kama ukuta wa Berlini ambao hakuna aliyekuja kuubomoa. Lile ni mnara wa kuongozea ndege. Hatukuwa na redio, kwa hiyo Wambura alikaa nyuma ya kabati, mgongo umeelekea kwetu, na ulipaswa kumwambia kila kitu kwa mdomo. Ukinyoosha kidole, haoni. Ukisema "niko hapa," anakuuliza hapa ni wapi, kwa mjomba wako? Kuongea kwenye redio ni kuongea na mtu asiyekuona, mpaka ajue ulipo kama aliyekuona. Mengine yote ni mapambo.

Mambo ni manne. Unamwita nani. Wewe ni nani. Uko wapi na juu kiasi gani. Unataka nini. Kisha nyamaza. Usianze na "aah," usianze na "sasa," usimsalimie mnara habari za nyumbani. Ukiambiwa jambo, lirudie lilivyo, ili aliyelisema ajue limefika bila kuchubuka. Na roja si "ndiyo." Roja ni "nimekusikia." Mama ana ya kwake, anasema "Mm," na kama wewe umelelewa vizuri unajua "Mm" haijawahi kuwa ruhusa.

Hili la kurudia nilikuja nalo kutoka nyumbani. Mama akinituma dukani alikuwa ananishika bega mlangoni.

"Nimekutuma nini? Rudia."

"Chumvi. Kiberiti. Nisisimame kwa kina Otieno."

"Mm."

Kwa hiyo Wambura aliposema "Rudia" kutoka nyuma ya kabati, mwili wangu ulijibu kabla ya kichwa. Akatoa uso pembeni ya kabati, akanitazama mara ya kwanza kama mtu na si kama kiboko.

Mambo mawili zaidi, kwa sababu ndiyo yaliyoniponza. La kwanza ni urefu. Uwanja wa kwenye kompyuta uko chini sana, lakini Wambura hakutaka tuzoee uongo. Alisema siku tukiruka kwetu tutajichimbia, kwa kuwa urefu huhesabiwa kutoka baharini na nchi yetu imeinuka. Kwa hiyo ulisoma skrini, ukajumlisha kichwani, ukatamka urefu wa Homa Bay ya kweli: mzunguko ni futi elfu tano na mia tatu. La pili ni stima. Mnajua stima ya hapa Suna. Ilikuwa inapotea ukiwa Jikoni, skrini inakuwa nyeusi, na sisi tunaruka vitini kwenda nje. Wambura hakuturuhusu. Sauti ilitoka gizani: "Novemba Tisa Saba Kilo, uko wapi?" Hizo ndizo herufi zilizochorwa kwenye ndege yetu ya Kimarekani. Na wewe ulipaswa kumalizia kutua kichwani, pale gizani, ukisema kila mguu, mpaka magurudumu yaguse.

Kufikia Agosti ya kidato cha pili nilikuwa naweza kuruka bila mashine. Kwenye foleni ya ugali. Kanisani wakati wa matangazo. Hapo ndipo shule zilipofungwa, nikaenda Homa Bay kwa mama.

Mama alikuwa mhudumu wa wodi. Alipiga deki, alibadilisha mashuka, alishika mikono ya watu wakichomwa sindano. Lakini Sista, mtawa aliyesimamia hospitali, alimkabidhi pia ule mtambo wa redio, kwa sababu katibu wa ofisi alikuwa anaufokea kama anayeamka kwenye ndoto mbaya. Ndege ya wagonjwa ilipokaribia, mama alimwambia rubani hali ya kiwanja: ng'ombe wameondolewa, tope liko mwisho wa chini, upepo unatoka ziwani. Sokoni walimwita Mama Redio, na alijifanya hapendi.

Kuna jambo alilofanya ambalo nililicheka siku zote. Kabla ya kubonyeza kitufe alivua kitambaa cha kazi, akafunga kile kizuri, cha bluu, akakinyoosha masikioni.

"Mama, hakuoni."

"Anasikia," akasema.

Siku yenyewe waliletwa kwa mashua kutoka visiwani mwalimu mmoja wa shule ya msingi na mumewe. Mimba ilikuwa imefika, mtoto amelala vibaya, na daktari alisema hospitali yetu haimwezi, aende Kisumu kwa ndege. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Mama akaongea na rubani, Kapteni Mwakio, Mtaita wa sauti ya pole aliyekuwa anaongea kama anayesimulia watoto. Yuko njiani. Machela ikatangulia kiwanjani. Mama naye akatoka kwenda kuwafukuza ng'ombe na kutazama upepo, na pale mlangoni akanishika bega.

"Kaa hapa, usikie kama ataita. Akiita, uje mbio. Usiguse kitu. Rudia."

"Nikae hapa. Akiita nije mbio. Nisiguse kitu."

Nilirudia vizuri kabisa. Siku hiyo nilijifunza kwamba mdomo unaweza kurudia na mkono usiwe na habari.

Nilikitazama kile kidubwasha cha kuongelea, cheusi, kimening'inia na waya uliojiviringa kama mkia wa nguruwe. Niliruka mzunguko mzima kichwani. Lango. Vyoo. Na nikiwa Vyooni mkono ukakichukua, kidole kikabonyeza, na nikasema kwa sauti ya Wambura: "Homa Bay, Novemba Tisa Saba Kilo, niko Vyooni, futi elfu tano na mia tatu, nageukia Jikoni, natua."

Nikaachia kitufe, nikatabasamu. Ndipo redio ikajibu, kama kabati la stoo.

"Novemba Tisa Saba Kilo, hapa ni ndege ya hospitali, nakaribia kutoka mashariki, urefu huo huo. Sikuoni. Jikoni ni wapi?"

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Msiniambie. Mimi nilifundishwa kwamba ukiulizwa, jibu. Nikajibu: "Jikoni ni baada ya vyoo."

Kisha ile sauti ya pole: "Nimepokea. Wewe ni mgeni huku, nakuacha utue kwanza. Mimi nazunguka juu ya ziwa mpaka nikuone chini."

Laiti ningesema futi elfu moja, kama kompyuta inavyosema, angejua ni mchezo. Angejua hakuna ndege inayoruka chini ya ardhi. Lakini urefu wangu ulikuwa sahihi. Na herufi yangu ilikuwa ya ndege za Marekani, kwa hiyo akaona huyu ni rubani wa wazungu waliokuja kuvua samaki, hajui hata majina ya mahali. Kila alichonifundisha Wambura kilinifanya niaminike. Nilikaa nimeshika kidubwasha kile na sikuweza hata kukirudisha ukutani.

Nje ndege ikasikika, ikapita juu, haikushuka. Ikaenda ziwani. Dirishani niliona kwamba huko ziwani mvua ilikuwa imesimama kama pazia, na pazia lilikuwa linatembea.

Mama akaingia mbio, mkono mmoja umeshika kitambaa kichwani. Hakuniona kwanza. Alikinyakua kidubwasha mkononi mwangu kama kitu kilichokuwa mahali pake.

"Kapteni, mbona umepita? Kiwanja ni kisafi."

"Mama, nangoja mgeni wako atue. Anasema yuko vyooni."

"Vyoo vya nani?"

"Hata mimi nimeuliza. Anasema anageukia jikoni."

Mama akaachia kitufe. Usiku wa kwanza wa likizo nilikuwa nimemchorea mzunguko wote kwenye sahani, tonge la ugali likiwa ndege, samaki akiwa njia ya kutua. Alikuwa amecheka mpaka akapaliwa. Sasa alinigeukia polepole, na kwenye uso wake niliona Lango, nikaona Vyoo, nikaona Jikoni, moja baada ya nyingine.

Akabonyeza. "Kapteni, hakuna ndege nyingine. Shuka."

"Mama, nimemsikia kwa masikio yangu. Urefu ametaja sawasawa. Siwezi kuingia kwenye hilo wingu na mtu nisiyemwona. Mvua ikifika kiwanjani, itabidi nirudi Kisumu."

"Hakuna mtu, Kapteni."

"Wewe uko chini, Mama. Huenda humwoni."

Kweli. Ilikuwa sauti yake dhidi ya sauti yangu, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa angani. Kule kiwanjani yule mwalimu alikuwa amelala kwenye machela, na mumewe amemshikia mwavuli uliovunjika.

Nilingoja kofi. Mama akanishikisha kile kidubwasha, akafunga vidole vyake juu ya vyangu.

"Ulijipandisha mwenyewe," akasema. "Jishushe."

Sijui mnavyodhani sauti yangu ilitoka vipi. Haikuwa ya Wambura.

"Ndege ya hospitali, hapa Novemba Tisa Saba Kilo. Mimi sina ndege. Niko kwenye kiti. Naitwa Odhiambo. Mimi ni mtoto wa Mama Redio."

Redio ikachemka kama mafuta. "Rudia."

"Sina ndege. Niko kwenye kiti. Mtoto wa Mama Redio."

"Kuna mtu mwingine yeyote kwenye mzunguko?"

"Hakuna. Ni wewe peke yako."

"Nimepokea," akasema, na sauti haikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Mama, nipe upepo."

Mama akampa upepo. Akampa tope la mwisho wa chini. Alimpa taratibu, kila neno limesimama peke yake, kama siku zote.

Ndege ilitua matone ya kwanza yakipiga mabati. Machela ikaingizwa, mlango ukafungwa, ikapaa kuelekea upande uliokuwa bado mweupe. Wiki kadhaa baadaye yule mwalimu alirudi na mtoto wa kike mwenye kelele nyingi. Nayasema haya mapema msije mkakosa usingizi.

Jioni Sista alimwita mama ofisini. Niliwafuata nikasimama nje, nikisubiri kuitwa niseme ni mimi. Sikuitwa. Mama alisema hivi: "Sista, redio ni yangu, na mtoto ni wangu. Niliwaacha chumba kimoja." Basi. Hakunitupia mimi, wala hakujitetea kwamba alikuwa anawafukuza ng'ombe. Sista alikuwa mtu wa haki, na haki yake ikasema mtambo uhamie kwa katibu.

Hakunichapa. Nyinyi mna mama, mnajua jambo hilo linatisha kiasi gani. Alikitundika kile kitambaa cha bluu kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba yetu, na kikakaa pale. Siku za ndege alikuwa anapiga deki wodini, na mlio ukisikika mbali, mti wa deki unasimama. Anasikiliza mpaka magurudumu yaguse. Kisha deki inaendelea. Ningependelea viboko, nyinyi. Ningevilipia nauli.

Nilichoweza kufanya ni ng'ombe. Likizo yote iliyobaki, ndege ikitarajiwa, nilikuwa kiwanjani na fimbo kabla ya mtu yeyote. Kapteni Mwakio alikuwa ananiona, ananipungia mkono kidogo. Aliwahi kunisimulia vile anavyoongea na katibu.

"Nikauliza, upepo ukoje? Akasema, upepo upo. Nikauliza, unatoka wapi? Akasema, nje."

Alicheka. Mimi sikucheka, ingawa mbele yenu nakiri kwamba usiku nilicheka.

Niliporudi shule nilimweleza Wambura kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akasema, "Kijana, umetua?" Nikasema nimetua. Akasema, "Basi kaa huko chini kwanza." Muhula mzima hakuniruhusu kugusa kijiti. Alinikalisha nyuma ya kabati, mgongo umeelekea wenzangu, niwe mnara. Nilinuna siku mbili tatu. Halafu nikaanza kusikia. Ukiwa huna cha kutazama, unasikia mtu anayesema "niko Vyooni" lakini pumzi zake ziko tayari Jikoni. Unasikia asiyejua alipo, kwa jinsi anavyokazia jina lake. Sheria ya kwanza ya redio haiko kwenye kidole, iko sikioni: kabla hujabonyeza, sikiliza nani yuko huko juu tayari na ana shida gani. Huyo ndiye mwenye anga. Wewe unaomba nafasi.

Wambura akamaliza mtihani, akarudi Isebania. Siku hizi anaelekeza malori pale mpakani, na nasikia malori yanarudia.

Matubwitubwi yakaja, nikawa kapteni, na miaka miwili iliyofuata haina kishindo. Nimeona watu wakitua ziwani kwa unyenyekevu. Nimeona mwanakwaya mmoja akimwambia mnara "Bwana asifiwe" akiwa fainali, ndege ikaanguka kabla ya mnara kuitikia amina. Nimemwona mdogo wenu, yule mnayemwita Pole Pole, akipoteza stima akiwa Vyooni, akamalizia gizani mguu kwa mguu bila kuruka hata mmoja, na alipogusa chini stoo nzima tulipiga makofi kwa ndege ambayo haikuwepo. Huyo mpeni ufunguo nikishaondoka. Sijasema kwa utani.

Kijiti nawaachia, na tyubu yake. Kabati msilisogeze ukutani hata mwalimu akisema linachukua nafasi. Mwambieni ni mnara. Na Vyoo viiteni Vyoo mkiwa humu ndani tu. Siku mtakaposhika redio ya kweli, mjifunze majina ambayo yule mwingine anayajua.

Nimewabakizia Desemba ya mwaka ule wa kidato cha pili. Nilifika Homa Bay nikakuta msumari nyuma ya mlango hauna kitu. Nikaenda hospitali. Sista alikuwa amechoka na "upepo upo," na Kapteni Mwakio alikuwa amechoka zaidi. Mtambo ulikuwa umerudi kwenye chumba chake. Sista alipita karibu nami kwenye ukumbi, hakusimama. "Mama yako amerudishiwa mtambo," akasema. "Wewe mwisho wako ni kizingiti."

Nikasimama kwenye kizingiti. Slipasi zilikuwa nzima zote mbili, na nilizipanga vidole visivuke hata kidogo. Mama alikuwa amekaa na kitambaa cha bluu, amenipa mgongo, kama mtu wa nyuma ya kabati. Sikujua kama anajua nipo.

Redio ikachemka. Sauti ya pole ikaingia, inatoka mashariki, ikaomba hali ya kiwanja. Mama akampa ng'ombe, tope na upepo. Kapteni akarudia vyote. Kisha nikasikia kwamba anatabasamu, maana kwenye redio hilo linasikika.

"Mama, kabla sijaingia. Kuna ndege nyingine kwenye mzunguko leo?"

Mama hakubonyeza haraka. Aligeuka kwenye kiti, akanitazama pale mlangoni, kuanzia slipasi hadi kichwani. Akanyoosha kitambaa masikioni. Ndipo akabonyeza, na bila kuniondolea macho akasema:

"Hapana, Kapteni. Ile nyingine ilishatua. Niko nayo hapa."